Tundu la msumari limeshafunga

SWALI: Daktari, juzi nilikanyaga msumari, ukapenya kandambili hadi kisiginoni. Damu ilitoka tone tu, na tundu limeshafunga. Chanjo ya pepopunda nilichomwa mara ya mwisho miaka 7 iliyopita. Bado nahitaji sindano?

JIBU: Ndiyo, nenda leo hii. Tundu jembamba lililofunga ndilo linalonitia hofu: vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi, na hustawi pasipo hewa. Kosa si la kutu ya msumari. Kwa jeraha chafu, chanjo iliyopita miaka 5 hurudiwa. Kioshe kisigino kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usipake majivu, tafadhali. Nimeuguza mgonjwa wa pepopunda ambaye hata kijiko hakikupita katikati ya meno. Taya likianza kukaza, usingoje kuche.