Kabla ya Kutazama Miguu, Uliza Habari za Jana

Nilipoanza kazi ya kufuatilia ukuaji wa watoto, nilishika chati kama msimamizi wa mtihani. Mtoto wa miezi minane hajakaa kitako, naweka alama nyekundu. Mama mmoja akanitazama nikiandika, akaniuliza mwanawe amefeli somo gani. Sikuwa na jibu.

Wewe unayeingia kazini sasa, isome chati ile kwa upana wake. Hatua 6 za mwendo zilizochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na hakuna hatua iliyopewa tarehe. Kukaa bila kushikiliwa kunaangukia kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake ni kati ya miezi 8.2 na 17.6. Yaani watoto wawili wanaweza kupishana kwa miezi 9 na wote wakawa wazima. Asilimia 4 hivi hawakuonekana kabisa wakitambaa kwa mikono na magoti. Wapo wanaosota kwa makalio, na wapo wanaojivuta tu kwenye kiti wakasimama dede. Na aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, umri wake upunguze hiyo miwili ndipo umpime. Yule wa alama nyekundu alikuwa njiti, nami sikuuliza.

Kilichonibadilisha ni swali. Ukimuuliza mzazi kama mtoto anacheza, atakujibu anacheza sana, wala hakudanganyi. Muulize hivi: jana alipoamka, alikuwa wapi? Na baada ya hapo? Mpeleke taratibu hadi usiku. Utasikia kiti cha gari, kigari cha kusukuma, kiti cha kulia, kiti cha kubembea, kisha mbele ya televisheni "nimalizie kazi kidogo". Kila kimoja ni kifupi. Vijumlishe, mara nyingi mzazi mwenyewe ndiye hushtuka.

Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2019 unasema mtoto mdogo asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 kwa mfululizo, na mgongoni nako kunahesabiwa. Hapo uwe na adabu. Usimwambie mama kwamba kubeba ni kosa, maana si kosa: mtoto anapata joto, anasikia sauti, anatulia. Tatizo ni muda mrefu ambao hana uamuzi wa mkono wake uende wapi.

Mimi pia nilichanganya kukaa na kukaa. Nilimwandika mtoto aliyekuwa kitako sakafuni kuwa "hafanyi kitu", kumbe ana kazi nzito. Kila anaponyoosha mkono kufuata kopo, kiuno kinamrudisha, shingo inashika kichwa, akiporomoka anatafuta njia ya kujiinua. Mweke huyohuyo kwenye kiti chenye mkanda na mgongo wa kulalia, kazi yote hiyo inafanywa na kiti.

Kwa asiyeanza kutambaa, mwongozo unataka angalau dakika 30 za kulala kifudifudi kwa siku, zikigawanywa, akiwa macho na mtu yupo. Wazazi wengi wameambiwa mtoto alazwe chali, nao ni ushauri sahihi kabisa kwa usingizi, ila wameusikia kana kwamba ni wa kutwa nzima. Watakwambia analia akigeuzwa. Ndiyo, analia. Aanzie kifuani kwa mzazi, dakika moja au mbili, mara nyingi, na si mara tu baada ya kunyonya.

Vigari vya magurudumu vya "kujifunzia kutembea" havifundishi kutembea. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Anayejifunza kutembea anahitaji kuanguka. Mtafiti Karen Adolph na wenzake huko Marekani walipowahesabia watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza huru, mwaka 2012, walipata wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Nikimwona mzazi anaruka kila mtoto akiyumba, huwa namtajia hiyo 17. Humtuliza kuliko maelezo yangu yote.

Ukipangiwa utafiti, angalia vifaa. Niliwahi kufurahia kipimamwendo cha mtoto wa miezi minne kilichoonyesha harakati nyingi asubuhi nzima. Mama yake alikuwa akitembea naye mgongoni. Kifaa kilipima miguu ya mama. Tangu hapo, bila daftari la mzazi la nani alimbeba na saa ngapi, namba hizo sizigusi.

Halafu kuna wale ambao mazungumzo ya sakafu hayawatoshi: aliyefika miezi 18 hatembei, aliyekuwa anafanya jambo akaliacha, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, aliyekakamaa kama gogo au kulegea kama kitambaa. Kwa hao usiseme "tusubiri kidogo tuone". Andika rufaa siku hiyohiyo, kisha piga simu kujua kama walifika.