Sumaku ya MRI haishiki namba moja

Umeuliza kama MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndiyo sumaku kali kuliko zote duniani. Hapana mkuu, haikaribii hata. Nyingi za hospitalini, hizi za kwetu Dodoma na za Dar, ni tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku). Maabara ya sumaku pale Tallahassee, Florida, wana moja ya tesla 45, na Wachina wa Hefei waliipita kidogo mwaka 2022 kwa 45.22. Nafundisha fizikia sekondari hapa Nkuhungu, swali hili wanafunzi huniuliza kila mwaka.

Hiyo ya Florida ni mbili ndani ya moja: ya nje ni superkondakta (inapitisha umeme bila ukinzani) iliyopozwa kwa heliamu ya kimiminika, inatoa 11.5, na ya ndani ni koili za shaba zinazokula umeme wa kutisha huku maji yakipita kuzipoza, hiyo inatoa 33.5. Kazi yake siyo kupiga picha za mgonjwa. Wanaweka kipande kidogo cha madini au kristali katikati, halafu wanapima elektroni zinavyojipanga uga ukipanda.

Ila angalia, hapo nazungumzia uga unaokaa muda mrefu. Ukihesabu wa kupiga mara moja na kuzima, maabara ya Los Alamos ya Marekani walivuka tesla 100 mwaka 2012, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sumaku ikabaki nzima. Wajapani wa Tokyo walifika 1,200 mwaka 2018, lakini koili yao ililipuka, na walijua tangu mwanzo kwamba italipuka.