Si Freud aliyeanza

Mwanangu wa Malindi uliyeuliza kama saikolojia, elimu ya nafsi na tabia, ilianzishwa na Freud, yule daktari wa Austria: hapana. Tarehe inayotajwa sana ni 1879, mwanasayansi Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani. Ila sisi watu wa pwani tusimsahau Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934. Huyo alishaandika kuhusu huzuni, hofu na wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yenye tiba yake.

Ama kueleza tabia, wanasaikolojia wana mitazamo tofauti. Mchukue punda anayegoma kupita kichochoro kimoja hapa Langoni, Lamu. Watson na Skinner, wanaotazama tabia inayoonekana tu, watasema aliwahi kupigwa pale, akajifunza, basi. Ya kichwani mwake hawana haja nayo. Wa utambuzi, yaani wanaochunguza kufikiri na kukumbuka, watauliza anakumbuka nini na anakielewa vipi. Wa baiolojia wataangalia ubongo na homoni. Freud angechimba yaliyofichika tangu utotoni, ingawa kwa punda sidhani angefika mbali! Maslow na Rogers, wa mtazamo wa utu, wanajulikana kwa kumtazama binadamu na hamu yake ya kujikamilisha.

Usihangaike kuchagua mtazamo mmoja, kwani huchanganywa. Mtu anayeogopa kupanda boti leo hutibiwa kwa kuzoeshwa kidogo kidogo, huku akisaidiwa kuzipima upya fikra zake.