Asilimia 97 yangu ilivyoumbuka Muheza

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, modeli yangu ya kompyuta ya kutambua mimea ya dawa kwa picha imefikisha usahihi wa asilimia 98. Niitoe watu waanze kuitumia?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mimi wa miaka mitatu iliyopita.

Nilikuwa na picha 1,800 za mimea tisa: mwarobaini, mlonge, mshubiri na mingine. Nikachukua MobileNet, modeli nyepesi ya kutambua picha, iliyokwishafunzwa kwa ImageNet, ile hazina kubwa ya picha za vitu vya kila aina, nikafunza upya tabaka zake za mwisho tu, zile zinazotoa jibu. Asilimia 97! Nilimtangazia kila mtu, hadi mama mkwe.

Nikaenda nayo Muheza kwa mzee mmoja wa mitishamba. Uani kwake palikuwa na mti, nikauelekezea simu: mwarobaini, asilimia 99. Mzee hata simu hakuitazama. Alichuma jani, akalinyoosha kiganjani. "Mwanangu, huu mmelia. Matunda yake sumu." Vijana waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mpaka leo nakisikia.

Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, majani madogomadogo yamejipanga huku na huku. La mmelia kikonyo chake hutoa vitawi kwanza, ndipo majani madogo yakae juu ya vitawi hivyo. Sasa mimi nilikuwa nimenyofoa jani dogo mojamoja na kulipiga picha juu ya karatasi nyeupe, eti usafi! Tofauti yenyewe nilikuwa nimeitupa chini ya mti. Tena mmelia haukuwemo kati ya ile tisa, kwa hiyo modeli ilibidi iuite jina lolote ililonalo.

Baya zaidi, picha 200 za mwarobaini zilitoka kwenye miti miwili. Nilizichanganya ndipo nikazigawa, hizi za kufunzia modeli, hizi za kuipima, mti uleule ukawa darasani na kwenye mtihani. Huko ni kuibia, tusidanganyane.

Kwa hiyo gawa data kwa miti, si kwa picha. Piga jani zima likiwa tawini, piga ua, tunda na gome. Weka na mimea inayofanana na dawa lakini si dawa. Na nirudie: gawa kwa miti. Vijana tumelewa asilimia, tunasahau kuna mtu ana homa nyumbani atachemsha hicho tulichomtajia, akanywa.

Nilimjibu msomaji wangu kwa swali moja: picha zako zimetoka miti mingapi? Ameona ujumbe tangu Jumanne. Hajajibu.