Kabla ya kubadili malighafi, badili umbo

Juzi mwanafunzi wa fizikia aliniandikia: "Kaka, rezoneta yangu kwenye kompyuta inavujisha mwanga kila nikiipunguza ukubwa. Nitafute malighafi nyingine?" Rezoneta ni kifaa kidogo kinachonasa mwanga na kuutunza ndani yake. Nilimjibu kwa ufupi, lakini najua wengi mnaonisoma mnapita njia hiyohiyo, kwa hiyo jibu kamili nalimwaga hapa.

Usibadili malighafi. Badili umbo.

Nilipoanza uzamili ughaibuni, maabara nzima ilikuwa inagombania malighafi mpya. Mimi nikabaki na silika, yaani kioo tu. Mhadhiri mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba kuchezea maumbo si utafiti. Maneno yale bado yananichoma. Wiki iliyopita nimepima rezoneta inayotunza mwanga kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwenye maabara ile, na ni silika ileile.

Kazi yote iko ukingoni. Unachonga kisahani cha silika juu ya kinguzo cha silikoni, ile malighafi ya chipu za kompyuta; upana wa kisahani ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Mwanga huzunguka ukiambaa na ukingo, na kila kikwaruzo huutawanya. Hapo unapiga leza ya kaboni dioksidi. Silika hufyonza joto, silikoni hulipeleka chini. Kwenye darubini unauona ukingo ukiyeyuka, ukirudi ndani na kunenepa hadi unakuwa pete, kisha unatulia wenyewe. Hakuna mkono unaoweza kulainisha kioo namna ile. Timu ya Kerry Vahala, chuo cha Caltech, Marekani, ilionyesha njia hiyo mwaka 2003, na kipimo cha Q, kinachoonyesha rezoneta inatunza mwanga kiasi gani, kikavuka milioni 100. Kwa Q hiyo mwanga husafiri zaidi ya mita 15 ukizunguka tu mle ndani kabla ya kufifia.

Mwaka huohuo timu ya Susumu Noda, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, haikuyeyusha chochote. Walitoboa safu za vitundu kwenye silikoni nyembamba, wakaacha nafasi ya vitundu vitatu ili mwanga ukae hapo, kisha wakavisogeza nje kidogo vitundu viwili vya pembeni: 0.15 tu ya umbali wa kitundu hadi kitundu. Q ikafika takriban 45,000. Mwanga ukikatwa ghafla huchomoka juu na chini. Ukipunguzwa taratibu, hubaki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chora uwanja wa mwanga wako, yaani ramani ya nguvu ya mwanga ndani ya rezoneta, tazama unapokatika ghafla, sogeza hapo tu, kisha piga hesabu upya. Ukingo kwanza. Tuache kuamini kwamba bila vifaa vya bei kali hatuwezi kitu. Kompyuta uliyonayo inatosha kwa hatua hii. Wakikucheka, endelea kupima.

Na siku utakapotengeneza pete halisi, ifunike mara moja. Unyevu wa hewani hunata kwenye kioo, na maji hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, usioonekana kwa macho. Q ikishuka kwa sababu hiyo, utalilaumu umbo lisilo na kosa.