Barua kwa mwanangu: bale basoda ba Jadotville

Mwanangu,

Odio yako niliisikiliza nikiwa kwenye foleni ya maji, ikabidi niirudie mara mbili juu ya makelele ya wamama. Eti Papa, nimeangalia ile filme The Siege of Jadotville, mwishoni hawa basoda, yaani askari, wananyoosha mikono, sasa ushujaa uko wapi?

Kwanza Jadotville ni Likasi yetu, kilomita 120 hivi toka hapa Lushi, yaani Lubumbashi, huku Katanga, jina lilibadilishwa 1966. Filme yenyewe waliipigia Afrika Kusini, nkambo wako, babu yako, aliona tu ile milima akacheka, ile si kwetu.

Sasa sikia. Wale vijana wa Ayalandi walikuwa 150 na kitu, walikuja na ONU, Umoja wa Mataifa, wengi vita walikuwa hawajaijua bado, wakavamiwa tarehe 13 Septemba 1961 asubuhi wengine wako kwenye misa. Jandarmu, askari wa Tshombe, yule aliyeitenga Katanga na Kongo, pamoja na mamluki wazungu wakawazunguka, ndege inawapiga toka juu, wenzao waliotumwa kuwatoa wakakwama pale daraja la Lufira, na maji yakakatwa. Helikopta ikafika na bidoni za maji, kumbe mbele zilibebaka petroli, hayanyweki. Unakumbuka ile bidoni ya njano mama yako alinunua sokoni? Tulisugua na sabuni, tukatia mchanga, tukatikisa, wiki nzima chai inanuka petroli na wewe ukagoma kabisa kunywa. Basi fikiria huna maji mengine, na jua la Septemba unalijua.

Siku ya tano risasi karibu zimekwisha. Mkubwa wao, Pat Quinlan, watu wake wote wako hai, watano tu wameumia. Angeweza kuwaambia tufe hapa, jina lake lingeimbwa kwao. Akakubali kushikwa, wakafungwa zaidi ya mwezi, halafu wakarudi kwao wote, na kule wakachekwa miaka na miaka kwamba ni waoga. Quinlan alikufa 1997, heshima ya kikosi kizima ilikuja 2016. Kubeba aibu namna ile ili watoto wa watu warudi kwa mama zao, mimi siwezi, nakuambia ukweli. Njo maana namwita shujaa, hata kama wewe utabisha, na najua utabisha.

Ila kuna kitu sikukuambia. Kaka mkubwa wa nkambo alikuwa jandarmu, upande ule mwingine, hakurudi. Nyumbani hatumzungumziaka sana, sijui kwa nini. Kwenye filme wale wanaanguka tu kule kwenye majani, kumi, ishirini, hata sura huoni. Nkambo aliangalia kimya mpaka mwisho, sahani ya bukari imepoa magotini, majina yakaanza kupanda kwenye televizyo, mimi nikataka kuzima, akanishika mkono: ngoja, labda watamwandika.

Tukangoja mpaka yakaisha yote.

Papa yako