Maswali ya Wasomaji: Chipu ya Kale Inasomwaje Pasipo Mchoro?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu kompyuta za zamani, na hasa kazi ya kuchambua chombo kilichokwisha kutengenezwa hadi kuupata mchoro wake, pale ambapo mchoro wenyewe haupo au mwenyewe hataki kuutoa. Tumezijibu tano.

SWALI: Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Tanga. Mteja ameniletea kile kisanduku cha michezo ya televisheni kinachotumia kaseti za plastiki za njano. Nilipokifungua nilikuta bodi ndogo yenye rizista na kapasita chache, na katikati yake donge jeusi kama tone la lami lililokauka. Halina namba wala mguu. Ndani yake kuna nini, na watu hujuaje kazi ya kitu ambacho mtengenezaji hakukiandikia chochote?

JIBU: Ndugu fundi, lile donge ni gundi ya epoksi iliyomwagwa juu ya kipande cha silikoni kilichobandikwa moja kwa moja kwenye bodi, ili mwenye kiwanda asiingie gharama ya kukivika ganda la plastiki lenye miguu. Kipande hicho kina ukoo unaojulikana. Visanduku hivyo ni nakala za mashine ya michezo ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, na prosesa ya mashine hiyo, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, ilibeba ndani yake prosesa ya Kimarekani iitwayo 6502. Mashine ya asili ilikuwa na chipu mbili kubwa, moja ya hesabu na sauti, na nyingine ya picha. Wanakili walikuja kuziunganisha zote katika kipande kimoja, na hicho ndicho kilicho chini ya lami yako.

6502 ilitolewa mwaka 1975 na kampuni ya MOS Technology ya Pennsylvania, na mhandisi wake Chuck Peddle na wenzake waliiuza kwa dola 25 wakati washindani wao walikuwa wakidai zaidi ya dola 100. Bei hiyo ndiyo iliyoifikisha kwenye kompyuta za Apple II na Commodore PET, na hatimaye kwenye benchi lako la kazi. Ina transista 3,510, yaani swichi ndogo mno za umeme, bila kuhesabu zile zinazofanya kazi ya rizista. Chipu ya simu iliyo mfukoni mwako ina mabilioni, tena yamepangwa na programu za kompyuta, lakini hizi za 6502 zilipangwa na watu kwa mkono, mstari baada ya mstari. Ndiyo maana mtu mwenye subira anaweza kuzisoma kwa macho yake.

Kazi huanza kwa kuondoa ganda. Kipande kikishabaki uchi huwekwa chini ya hadubini ya mafundi wa metali, ambayo hupitisha mwanga kwenye lenzi na kuushusha kutoka juu, kwa sababu silikoni haipenyezi mwanga kama ukoga wa mto unaotazamwa shuleni. Hupigwa picha nyingi ndogondogo, kisha zikaunganishwa kuwa picha moja kubwa. Baada ya hapo tabaka la juu, ambalo ni nyaya za alumini, huyeyushwa kwa kemikali, na picha hupigwa upya ili kuona kilichokuwa chini yake, yaani mistari ya polisilikoni (aina ya silikoni inayotumika kama waya) na kanda za silikoni iliyotiwa kemikali ili ipitishe umeme.

Sasa anakuja msomaji. Kanuni yake kuu ni moja: popote mstari wa polisilikoni unapovuka juu ya ukanda wa silikoni iliyotiwa kemikali, hapo pana transista, isipokuwa pale ambapo tabaka hizo mbili zimeunganishwa kwa makusudi. Umeme ukiwa kwenye mstari wa juu, njia ya chini hufunguka. Usipokuwapo, njia hufungwa. Msukaji anayeutazama mkeka uliosukwa na mwingine hufuata kila ukindu, wapi umepita juu na wapi umepita chini, na mwisho wa yote anaweza kuusuka ule ule. Msomaji wa chipu hufanya vivyo hivyo. Huchora kila umbo juu ya picha, huweka alama kila makutano, na polepole makundi ya transista mbili tatu huanza kutambulikana kuwa geti (sakiti ndogo ya kuamua ndiyo au hapana), mageti huwa rejista (mahali pa kushikilia namba ndani ya chipu), na rejista hujipanga kuwa mashine.

Kundi la Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman lilifanya hivyo kwa 6502, na mwaka 2010 likaonyesha mradi wake uitwao Visual6502. Walichopata ni orodha kamili ya transista na viungo vyake, kiasi kwamba kompyuta ya leo inaweza kuiga mwendo wa kila transista kwa kila pigo la saa ya ndani ya chipu, huku mtazamaji akiona nyaya zikiwaka na kuzima katika ramani ile ile iliyopigwa picha. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko kuiga tabia ya chipu kwa nje. Anayeiga kwa nje hukisia kutokana na majibu anayopewa, lakini aliyesoma silikoni anajua sababu ya kila jibu.

Usomaji wa namna hiyo umefunua jambo moja kuhusu hicho kisanduku chako. 6502 ya asili inaweza kufanya hesabu kwa mfumo wetu wa kumi (tarakimu 0 hadi 9), na Peddle na wenzake waliisajilia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, njia waliyoitumia. Katika chipu ya Ricoh, programu inaweza kuiwasha alama ya hesabu hizo na hata kuisoma, ila majumlisho hayabadiliki. Picha za silikoni zilipolinganishwa ilionekana kwamba sakiti yenyewe imo, imekaa mahali pake, isipokuwa transista chache zimeondolewa ili kuikata isifanye kazi. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba Ricoh walikuwa wakiikwepa hataza hiyo.

SWALI: Je, kuchambua chipu ya kampuni nyingine si wizi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 inayolinda michoro ya chipu huilinda kwa miaka 10, na inaruhusu waziwazi mtu kuichambua kwa ajili ya kujifunza na kufundisha. Kuichapa nakala ile ile na kuiuza ni jambo jingine. Chipu tunazozungumzia hapa zina umri wa miaka 40 na zaidi.

SWALI: Ninasomea kompyuta chuoni, Mombasa. Nimesikia kwamba 6502 hutii maagizo ambayo hayamo katika kitabu chake cha maelezo. Je, wabunifu waliyaficha kwa makusudi, au ni kasoro?

JIBU: Hayakufichwa, na sioni haki kuyaita kasoro. Agizo la 6502 huandikwa kwa biti nane, yaani tarakimu nane ambazo kila moja ni 0 au 1, kwa hiyo kuna namba 256 zinazowezekana. Wabunifu walizipa kazi 151 tu. Swali lako kwa kweli ni hili: mashine hufanya nini ikikutana na mojawapo ya zile 105 zilizobaki?

Jibu limo katika eneo moja la silikoni lililo karibu na ukingo wa chipu, ambako kuna mistari 130 iliyopangwa sambamba kama meno ya kitana. Kila mstari hutazama baadhi ya biti za agizo na kuamka pale biti hizo zinapolingana na zile unazozingojea. Neno la kuzingatia ni "baadhi". Ili kuokoa nafasi, hakuna mstari uliopewa biti ambazo hauzihitaji.

Chukua agizo A5 (hivi ndivyo namba hizo hufupishwa, kwa mfumo wa kumi na sita), ambalo kwa biti ni 10100101. Hilo huchukua namba kutoka kwenye kumbukumbu na kuiweka katika rejista A. Agizo A6, yaani 10100110, huchukua namba na kuiweka katika rejista X. Tazama biti mbili za mwisho: la kwanza lina 01 na la pili lina 10. Mistari ya rejista A hungojea biti ya mwisho iwe 1, na ile ya rejista X hungojea biti inayoitangulia iwe 1. Sasa andika A7, ambalo ni 10100111 na halimo kitabuni. Biti zote mbili ni 1, hivyo makundi yote mawili ya mistari huamka kwa pamoja, na namba iliyochukuliwa huingia katika A na X kwa mara moja. Hakuna aliyelibuni agizo hilo. Limezaliwa na uamuzi wa kubana nafasi, na waandishi wa michezo ya miaka ya 1980 waliligundua kwa kujaribu na kulitumia miaka mingi kabla ya picha za silikoni kuonyesha linatoka wapi.

Si namba zote zenye matunda kama hayo. Kumi na mbili kati yake huikwamisha mashine kabisa, hata isiweze kuendelea mpaka ianzishwe upya.

Kuna kisa cha upande wa pili pia. Chipu za kwanza kabisa, zilizouzwa hadi katikati ya mwaka 1976, hazikuwa na agizo la kuzungusha biti kuelekea kulia, na kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba agizo hilo lilikuwamo lakini liliharibika. Watu walipozipima na kuzitazama chipu hizo za awali walikuta kwamba nyaya za kuliongoza hazikuwamo kabisa. Agizo halikuharibika, lilikuwa bado halijawekwa. Binafsi nadhani hii ndiyo faida ya kurudi kwenye kitu chenyewe, kwa sababu masimulizi ya miaka 30 yanaweza kurudiwa na wataalamu wazuri kabisa bila mmoja wao kwenda kutazama.

SWALI: Naelewa kwamba chipu iliyopo inaweza kusomwa. Lakini je, mashine iliyovunjwa na michoro yake kuchomwa inaweza kurudishwa? (Mkutubi mstaafu, Kigoma)

JIBU: Imewahi kurudishwa moja, nayo ni Colossus ya Uingereza. Tommy Flowers na wahandisi wa posta ya nchi hiyo waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ikaanza kazi mwaka 1944 huko Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri za adui, ikisaidia kufumbua ujumbe wa siri wa majenerali wa Ujerumani. Ilisoma mkanda wa karatasi uliotobolewa kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde. Baada ya vita nyingi kati ya mashine hizo zilivunjwa mara moja, na Flowers aliamriwa aharibu michoro, naye akaitia katika tanuri.

Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale alianza kuijenga upya akiwa na picha chache zilizopigwa mwaka 1945 na vipande vya michoro ya sakiti ambavyo baadhi ya wahandisi walikuwa wamejiwekea kinyume cha amri. Alitumia programu ya uchoraji kupata vipimo vya fremu kutokana na zile picha, kisha akawatafuta wazee waliowahi kuifanyia kazi na kuwauliza. Vifaa vingi vilipatikana kwa sababu vituo vya simu vya Uingereza vilikuwa vikibadilishwa miaka hiyo na kutupa mitambo ya aina ile ile ambayo Flowers aliitumia. Mwaka 1996 mashine iliwashwa, na Flowers mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 90, alikuwapo. Kazi ya kuikamilisha iliendelea hadi mwaka 2007.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Morogoro. Ningependa wanafunzi wangu waone ndani ya chipu kwa macho yao, lakini shule haina maabara ya kuaminika. Je, tunaweza kuyeyusha ganda kwa asidi ya betri?

JIBU: Mwalimu, tafadhali msifanye hivyo. Ganda la plastiki huyeyushwa kwa asidi kali iliyopashwa moto, na mvuke wake huharibu mapafu. Kazi hiyo inahitaji chumba chenye mfumo wa kufyonza hewa na mtu aliyefunzwa. Wala msivunje transista kubwa za mitambo ya redio zenye kauri nyeupe ndani, kwa kuwa baadhi yake zina berili, ambayo vumbi lake ni sumu.

Ipo njia isiyohitaji asidi hata tone. Nenda kwa fundi anayetunza bodi za mashine zilizokufa, kama kompyuta za miaka ya 1980 au mashine za fotokopi za zamani, ukamwombe chipu ya kumbukumbu iliyobandikwa karatasi mgongoni. Bandua karatasi hiyo taratibu. Chini yake kuna dirisha la mviringo la kioo cha kwatzi, lililowekwa ili mwanga wa urujuanimno uweze kufuta kilichoandikwa ndani, na kupitia dirisha hilo silikoni yote inaonekana.

Wape wanafunzi kioo cha kukuzia kwanza. Wataona nyuzi nyembamba kuliko unywele zikitoka kwenye kingo za kipande kuelekea kwenye miguu ya chipu. Kisha kiwekeni chini ya hadubini kwa ukuzaji mdogo, mkizima taa ya chini na kumulika tochi kwa ubavu. Sehemu kubwa itang'aa kwa rangi za upinde wa mvua, kwa mpangilio wa kurudiarudia usio na dosari: hizo ndizo chembe za kumbukumbu. Ikiwa namba ya chipu ni 2716, ziko 16,384, na kila moja inatunza biti moja. Pembeni mpangilio huo hukatika na kuanza maumbo yasiyofanana, ambayo kazi yake ni kuchagua ni chembe zipi zisomwe. Waulize wanafunzi mpaka uko wapi, wauchore kwenye daftari, halafu wapige picha kwa simu kupitia lenzi ya hadubini na kulinganisha.

Kama bodi ilikotoka chipu bado inafanya kazi, bandikeni karatasi tena juu ya dirisha kabla ya kuirudisha, kwa kuwa jua likiipiga muda mrefu litafuta yaliyomo.